Kigoma mpaka Tabora na watoto wadogo kwenye gari, hatua kwa hatua hadi kwa bibi

Wazazi wenzangu, hii ni kwa wale mnaopakia watoto kwenye gari likizo mkasalimie, hasa nyie wa huku kwetu Kigoma mnaokwenda Tabora. Mi ninao watatu, mkubwa miaka saba, wa kati minne, mziwanda mwaka na nusu, na bibi yao anakaa Tabora mjini, kwa hiyo hii barabara ya Kidahwe, Uvinza, Nguruka, Kaliua mpaka Urambo naijua kwa kila kona na kila tapishi.

Safari ya kwanza tuliondoka saa mbili asubuhi jua limeshachomoza, nikawapa simu hata Mwanga ya hapa hapa Kigoma mjini hatujaiacha, wakatulia kimyaa wanaangalia katuni, nikajiona mama mjanja kuliko wote mtaani. Tunakaribia Uvinza wa kati akatapika juu ya simu, juu ya kitenge changu na juu ya begi la mdogo wake, simu ikazima hapo hapo na bado tuna kilomita zaidi ya mia tatu mbele. Sina tena kitu cha kuwapa. Mziwanda analia, mkubwa anamfinya wa kati, baba yao anaongeza sauti ya redio kana kwamba redio ndio itawanyamazisha. Kuanzia siku ile najua kosa halikuwa watoto, kosa ni mi nilimaliza akiba yote asubuhi. Sasa hivi naanza na vitu vya bure, vile vya kununua navitoa kidogo kidogo, na simu inakuja mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza, kata safari vipande kabla hujawasha gari

Njia nzima ni kilomita mia nne na ushee, siku hizi kwa sehemu kubwa ni lami, baba yao akiwa peke yake anasema masaa sita, tukiwa na watoto hesabu manane na usibishe. Mtoto wa miaka minne haelewi masaa manane, ila anaelewa "mpaka kwenye chumvi" na "mpaka darajani". Kwa hiyo mi nimeikata hivi, nyumbani mpaka Uvinza (kutoka Kidahwe peke yake ni kama kilomita 76), Uvinza mpaka daraja la Kikwete pale mto Malagarasi, darajani mpaka Nguruka, Nguruka mpaka Kaliua ambacho ndio kipande kirefu na kibishi maana msitu tu, Kaliua mpaka Urambo hapo ni kilomita 28 hata hawajaanza kulalamika mmefika, halafu Urambo mpaka Tabora kama 90.

Chukua upande wa boksi, chora mstari kama nyoka, weka kila kituo na mchoro wake: Uvinza rundo la chumvi, Malagarasi daraja, Nguruka samaki, Kaliua mti, Urambo jani la tumbaku, Tabora mwembe na bibi amesimama chini. Kila mkifika mahali mmoja anahamisha kibanio cha nguo kwenye mstari. Kibanio nakusisitizia, sio kokoto wala kizibo, maana kizibo kikidondoka chini ya siti mtalia wote. Lile swali la "mama tumefika?" halitaisha, ila sasa unajibu kwa swali, "kibanio kipo wapi?", na mwenyewe anaangalia.

Muda wa kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri. Mizigo iwe imepangwa jana yake usiku, watoto wamelala na nguo za safari sio nguo za kulalia, asubuhi unawabeba tu na shuka zao. Wakipata usingizi mpaka Uvinza umeshakula robo ya njia bure.

Hatua ya pili, begi la mama

Begi hili halikai buti. Linakaa miguuni kwako. Na mama (au shangazi, au dada wa nyumbani kama mmeenda naye) akae nyuma na watoto, huku mbele hauna msaada wowote zaidi ya kugeuka na kufoka mpaka shingo ikakamae. Mbele pia sio pa kumpakata mtoto jamani, breki moja ya ghafla humshiki hata uwe na nguvu gani, wakae nyuma, mdogo kwenye kiti chake cha gari na wakubwa mikanda.

Ndani ya begi naweka ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya kutapika na kukojoa kwa dharura, maana tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 ile habari ya kutapikia kwenye mfuko imekufa, na kusema kweli ndoo ni bora, mfuniko unazuia harufu. Kitambaa kilicholowa maji kwenye kopo. Nguo seti moja kila mtoto na blauzi moja yako mwenyewe, hii watu wanaisahau. Pampasi. Kamba ya kuruka. Memori kadi yenye sauti, nitaeleza. Na vizawadi vilivyofungwa kwenye gazeti.

Vizawadi ni hivi, unaingia sokoni unanunua vitu vya mia tano mpaka buku, penseli ya rangi, kioo kidogo, stika, kigari, daftari dogo, kila kimoja unakizungushia gazeti na gundi nyingi makusudi ili kufungua kuchukue muda. Kila kituo kwenye boksi wanafungua kimoja. Mtoto haijui bei, kinachomnogea ni kule kufungua. Vitu viwili usinunue kabisa, puto na filimbi. Puto lilipasuka tukiwa kwenye kona baba yao akaruka usukani umo mkononi, na filimbi alileta mjomba wao kwa nia njema tu, nikaitupa dirishani kabla ya Nguruka, mpaka leo wananidai.

Hatua ya tatu, chakula, maana chakula nacho ni mchezo

Kabla ya kuondoka wasishibe. Nusu kikombe cha uji inatosha, kingine kiende kwenye chupa ya chai. Njiani kitu kikavu na kidogo kidogo: mabumunda, chapati iliyokatwa vipande, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu. Machungwa nayo mazuri, na maganda yake usitupe, mtoto akianza kuchafuka roho mpe anuse. Mayai ya kuchemsha acha nyumbani, kwenye gari lililofungwa vioo harufu yake ni mtihani. Ubuyu wa rangi pia acha, labda kama siti zako ni nyekundu tayari. Karanga na pipi ngumu kwa mtoto wa chini ya miaka minne hapana kabisa gari likiwa linatembea, akipaliwa wewe umeangalia pembeni utachelewa. Juisi za boksi zinazidisha sukari na mikojo, maji yanatosha.

Mi nafanya hivi, kila mtoto ana kopo lake la siagi lenye mfuniko, ndani kuna vipande kumi vya chakula chake, akimaliza kabla ya kituo kinachofuata hakuna kingine. Mkubwa akaanza kupanga mwenyewe kimoja kimoja, wa kati anakula vyote ndani ya dakika mbili halafu anaomba kwa kaka yake, na lile bishano la kuombana linawapeleka kilomita ishirini, siingilii.

Hatua ya nne, dirisha kwanza

Hapa ndio penyewe. Kutoka usingizi unapoisha mpaka karibu na Nguruka usitoe kitu kingine, tumia dirisha.

Mchezo wa kwanza ni wa boksi la picha. Kila mtoto anapewa kipande cha boksi kilichochorwa picha tisa kandokando, mbuzi, baiskeli yenye mkungu wa ndizi, gunia la mkaa, mama mwenye ndoo kichwani, msikiti, kanisa, mnara wa simu, reli, mzinga wa nyuki juu ya mti. Akikiona kitu anabana kibanio kwenye picha yake. Huku kwetu vitu hivi havikosekani, baiskeli utazikuta mpaka unachoka, mizinga utaanza kuiona mkishaingia msituni. Reli ndio yenye pointi nyingi kwangu, maana inakuja karibu na barabara halafu inapotea, na wakiona treni ni shangwe. Mkubwa nilishamwambia hiyo reli Wajerumani waliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, akauliza kwa hiyo ina umri gani, akaanza kupiga hesabu kwa vidole, dakika kumi kimya.

Namba za magari. Mdogo anatafuta rangi tu, njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara, basi na malori. Anayejua kusoma anatafuta herufi za jina lake kwenye zile tatu za mwisho. Gari la serikali namba yake inaanza na ST, hilo pointi tano, na lori la Burundi au Kongo pointi kumi. Mkubwa wangu amejifunza herufi kubwa zote kwenye barabara hii, sio shuleni.

Halafu kuna mchezo ambao faida yake ni ya mzee zaidi, trafiki wa hamsini. Mtoto mmoja anavaa kofia, kazi yake ni kuangalia kibao cha 50 kila mnapoingia kijijini, akikiona anapiga kelele "hamsini baba!" na baba lazima apunguze na aseme "ndio afande". Kibao cha kumaliza hamsini kikija anasema "ruksa!". Wanabadilishana kofia kila kituo. Tangu tuanze mchezo huu hatujapigwa tochi hata mara moja, zamani ilikuwa hatufiki Kaliua bila kuacha elfu thelathini njiani.

Na hii ya dirisha ina sababu nyingine. Mtoto akikaza macho kwenye simu au kitabu gari likitembea, macho yanamwambia tumekaa, sikio la ndani linamwambia tunakwenda, ubongo unavurugikiwa na tumbo ndio linalipa. Wanaoteseka zaidi ni wa kuanzia miaka miwili mpaka kumi na mbili hivi. Anayeangalia mbali mbele anapata nafuu, ndio maana wa kati sasa namkalisha katikati aone kioo cha mbele. Akianza kunyamaza ghafla, kupiga miayo na kutoka jasho, hajachoka huyo, toa ndoo. Na tafadhali usimpe dawa ya mafua eti alale, wapo wanaofanya hivyo. Promethazine, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa hizo, haipewi mtoto chini ya miaka miwili, inaweza kumzuia kupumua. Kama anatapika kila safari muulize mfamasia au daktari kabla, sio jirani.

Hatua ya tano, shuka wakimbie

Kila masaa mawili simama, dakika ishirini. Sio kusimama watu wazima wanyooshe mgongo huku watoto wamefungiwa ndani wanaambiwa "subirini". Uvinza tunasimama, kabla ya msitu tunasimama Nguruka, halafu Urambo. Darajani usisimame juu ya daraja, vuka kwanza, tafuta mahali papana pembeni, waoneshe mto Malagarasi kwa mbali ukiwa umewashika mkono. Kwenye kusimama toa kamba warukie, au wape kazi, "kimbia mpaka kwenye ule mti uguse urudi, nahesabu". Wafanye mara tano. Kukojoa kwa lazima, hata anayesema hana.

Nguruka ukitaka samaki wafunge vizuri na waende buti, nakwambia kwa uchungu.

Hatua ya sita, msituni

Kipande cha Nguruka mpaka Kaliua ndio kinachokula watu. Nje miti inafanana, vijiji vichache, mtandao unakata, jua limepanda. Na mbung'o wapo, wanakimbiza gari na wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo nguo za watoto siku hiyo ziwe za rangi ya maziwa au kaki. Hata kufunga vioo tumekufanya mchezo, nahesabu kumi, tisa, nane, na kabla ya sifuri vioo vyote juu, aliyechelewa anaimba.

Hapa mi natoa vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai hilo wanalijua, unapanda, "kuku wangu katagia miibani," nanasi. "Popo mbili zavuka mto," macho. Wakishindwa sheria ni ile ile ya bibi, lazima wakupe mji, na sisi tumeongeza masharti, mji uwe wa kwenye boksi letu. "Nakupa Uvinza." "Sitaki." "Nakupa Kaliua." "Naaam, nimekwenda Kaliua, nikakuta mbung'o wamevaa suruali, wakaniuliza huyu dereva wenu mbona anasinzia..." hapo unaongopa unavyotaka, na unamgusa dereva kidogo aamke. Wa kati siku hizi anashindwa makusudi ili nisafiri kwenye huo mji.

Vitendawili vikiisha zinakuja sauti. Wiki moja kabla muombe bibi, babu, shangazi, yeyote mwenye maneno matamu, awarekodie watoto hadithi kwa WhatsApp, dakika tano tano, na amtaje kila mtoto kwa jina. Usiwafungulie nyumbani. Zihifadhi kabisa kwenye simu au memori kadi maana msituni hakuna mtandao, halafu unaziweka kwenye redio ya gari. Hakuna kuangalia kioo kwa hiyo hakuna kutapika. Bibi akisema "hadithi hadithi" kwenye spika mziwanda anageuka anamtafuta nyuma ya siti. Kuna hadithi moja ya fisi bibi aliikatisha katikati, akasema mwisho nitawaambia mkifika. Bibi yule ni mwerevu, nilipata masaa mawili ya ubishi kuhusu huyo fisi.

Ukiwa na mtoto anayependa kufinyanga, kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, kijiko cha mafuta na maji kidogo kidogo mpaka ushikane, weka kwenye kopo la mfuniko. Unga unapukutika, ndio, utafagia gari. Wangu wanautumia mahali hapa tu.

Wakilalamika safari ndefu, hapo ndio natoa ya Livingstone na Stanley. Watoto wa Kigoma wote wanajua walikutana Ujiji 1871. Lakini wangapi wanajua kwamba baadaye wale wawili walitoka Ujiji wakaja huku huku Tabora? Waliondoka mwishoni mwa Desemba 1871, wakaanza kwa mitumbwi kushuka na ziwa, halafu miguu, wakafika Kwihara pale nje ya Tabora katikati ya Februari 1872. Karibu miezi miwili, na wapagazi wamebeba mizigo kichwani. Nilivyomwambia mkubwa akanyamaza akasema "na kopo la chakula lilikuwa na vipande vingapi?" Ya misafara ya watumwa kwenye njia hizo hizo nimeiacha kwanza, akikua tutaongea. Na Urambo tukifika najua ataniuliza jina, kwa hiyo mapema namuandaa, ni la mtemi Mirambo, aliyewasumbua wafanyabiashara wa misafara mpaka alipofariki 1884. Mirambo anawasisimua kuliko wazungu wote, wa kati anataka kuwa yeye.

Ule mchezo wa kukaa kimya, atakayeongea kashindwa, msiutegemee. Dakika nne, sanasana tano. Ila dakika nne za Kaliua ni mali.

Hatua ya saba, sasa simu

Baada ya Urambo, sio kabla. Wamekula, wamekimbia, wameona mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, na akina mama wa uyoga kama ni masika, sasa wamechoka kweli na michezo haifanyi kazi tena. Katuni iwe imeshapakuliwa, simu ifungwe nyuma ya kichwa cha siti ya mbele ili waangalie mbele sio chini, wote waone moja, sauti ndogo. Barabara hapo imenyooka. Anayetapika haraka yeye mpe zamu ya kofia ya trafiki akae anaangalia mbele. Na usiiwashe mpaka waombe, wakisahau usiwakumbushe.

Kilomita kumi za mwisho zima. Wafute nyuso, wavae viatu, maana mtoto akitolewa kwenye katuni moja kwa moja mpaka mlangoni kwa bibi anashuka analia na bibi anafikiri mmemchapa njiani. Sisi muda huo tunafanya zoezi la salamu. Kigoma wanasalimia "mwakeye", tukishavuka kuingia mkoa wa Tabora tunabadilisha, tunasema "mwangaluka", na anayekosea anarudia mara tatu. Atakayewahi kumsalimia bibi Kinyamwezi anapewa asali ya kwanza.

Hapo kuna kosa moja nilifanya nawaonya. Niliwafundisha mwangaluka njia nzima, wakashuka mbio saa tisa mchana wanapiga kelele "mwangaluka bibi!" wote watatu, hata mziwanda na kaneno kake. Bibi akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, eti hiyo ni ya asubuhi, mchana ni "mwadila". Kwa hiyo fundisheni zote mbili, mkubwa wangu alikataa kutoa salamu nyingine mpaka kesho yake asubuhi, na asali akanyimwa hakunyimwa hatujaelewana mpaka leo.